Kibao cha nchi na neno moja la azimio: mdahalo wa kibalozi wa wanafunzi unavyokwenda, na unapokwama

Mwanafunzi aliyezoea mdahalo wa Jumamosi shuleni anaijua kazi yake. Kuna upande unaounga mkono hoja, kuna upande unaoipinga, kuna mtunza muda, kuna majaji, na mwenye ulimi mwepesi ndiye anayeshangiliwa. Mkalishe mwanafunzi huyohuyo nyuma ya kibao kilichoandikwa JAPANI au KUBA, kwenye mdahalo unaoigiza vikao vya Umoja wa Mataifa, na saa mbili za kwanza zitamtoa jasho. Pande mbili hazipo. Zipo nchi ishirini na kitu. Jaji wa kusema nani kaongea vizuri hayupo. Ipo karatasi, rasimu ya azimio, na jioni karatasi hiyo inapigiwa kura. Mtu anaweza kuhutubia hadi ukumbi mzima ukatulia tuli, kisha akarudi nyumbani bila hata neno lake moja kuingia kwenye karatasi ile.

Kwa shule na vyuo vya Mwanza, mada za haki za binadamu na usawa wa kijamii ndizo zinazokuja akilini kwanza, na si ajabu. Ndoa za utotoni, mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, watoto wanaoacha darasa kwenda mwaloni, wanawake wa dagaa: hayo hayahitaji kufuatwa Geneva. Lakini mada ambayo kila mtu anaona anaijua ndiyo ambayo watu huiendea mikono mitupu. Makala haya yanafuata mdahalo mmoja wa siku moja tangu maandalizi hadi kura, na mada ya mfano ni ulinzi wa watu wenye ualbino, maana ni mada ya kwetu iliyokwishapita kwenye vyombo halisi vya Umoja wa Mataifa.

Maneno yanayopotosha kabla kikao hakijaanza

Mashindano mengi ya namna hii huendeshwa kwa Kiingereza. Hata hivyo mazoezi yanafaa kuanza kwa Kiswahili, kwa sababu mtu anayebishana kwa lugha aliyoizoea hawezi kuficha kutoelewa kwake nyuma ya maneno makubwa. Shida ni kwamba Kiswahili nacho kina mitego yake.

Chukua neno haki. Kuna haki ninayodai: stahili yangu, ninayoweza kuipeleka mbele ya mahakama. Na kuna haki anayotenda hakimu mwadilifu. Mjumbe akisimama na kusema "tunataka haki kwa wavuvi wadogo", makofi yatapigwa, lakini hakuna ajuaye anadai nini. Kwenye sheria ya kimataifa ya haki za binadamu swali la kwanza ni mdaiwa, na mdaiwa wa kwanza ni serikali iliyoridhia mkataba. Mwajiri mkorofi, mganga tapeli, mzazi anayeoza binti mdogo, hao wote wanafikiwa kwa kupitia wajibu wa serikali wa kulinda. Kwa hiyo kila mjumbe anapotamka neno haki, mwalimu amkatishe na maswali matatu: ya nani, juu ya nani, imeandikwa wapi? Wiki mbili za zoezi hilo zinafaa kuliko mwezi mzima wa kufundisha ufasaha.

Azimio ni mtego mwingine. Mtanzania akilisikia anakumbuka Azimio la Arusha la 1967, kwa hiyo neno linamjia na uzito wa mwelekeo wa nchi nzima. Kwenye mdahalo huu azimio ni kauli ya chombo kimoja kwenye kikao kimoja, na mengi ya maazimio ya haki za binadamu hayafungi nchi kisheria. Kuchanganya kunazidi kwa sababu hati ya tarehe 10 Desemba 1948, ile ya vifungu 30 iliyopitishwa Paris, nayo watu huiita azimio. Ni salama kuiita Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Yenye kufunga ni mikataba iliyoifuata, hasa miwili ya 1966: mmoja wa haki za kiraia na kisiasa, mwingine wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni. Yote miwili ilianza kutumika 1976, na Tanzania ilijiunga nayo mwaka huohuo.

Mikataba hiyo pacha ina tofauti moja ambayo mjumbe asiyeijua atapigwa nayo siku nzima. Ule wa kwanza unaitaka serikali itekeleze sasa: usitese, usifunge mtu bila sheria. Ule wa pili, kwenye ibara ya 2, unaitaka serikali ichukue hatua kuelekea utekelezaji kamili, hatua kwa hatua, kwa kadiri ya juu ya rasilimali ilizo nazo. Hapo mjumbe wa nchi maskini anapata mahali pa kupumulia, na mjumbe mjanja wa upande wa pili anajua pa kumbana: ibara hiyohiyo inataka haki hizo zitolewe bila ubaguzi, na kutobagua hakusubiri bajeti.

Chombo gani, na kina meno gani

Waalimu wengi hupanga ukumbi kwa nchi maarufu: Marekani, Urusi, China, Uingereza, Ufaransa, halafu Tanzania na majirani. Huo ni ukumbi wa Baraza la Usalama, na haichukui nusu saa kabla mtu hajapaza sauti kwamba anapiga kura ya turufu. Mada za haki za binadamu ni za Baraza la Haki za Binadamu lenye makao Geneva, au za Kamati ya Tatu ya Baraza Kuu huko New York. Kote huko hakuna turufu.

Baraza la Haki za Binadamu liliundwa 2006 na lina viti 47: Afrika 13, Asia na Pasifiki 13, Amerika ya Kusini na Karibi 8, Ulaya Magharibi na nchi nyingine za kundi hilo 7, Ulaya Mashariki 6. Darasa la wanafunzi 24 likitaka kulinda uwiano huo, ligawe 7, 7, 4, 3 na 3. Uwiano si pambo. Afrika na Asia zikikaa pamoja zinapitisha au kuangusha chochote, na mjumbe wa nchi tajiri anayedhani ukubwa wa uchumi wake unahesabika kwenye kura atalijua hilo saa kumi jioni.

Je, baraza lisiloweza kumwamuru mtu lina kazi gani? Mada yetu inajibu vizuri. Juni 2013 baraza hilo lilipitisha azimio kuhusu mashambulizi na ubaguzi dhidi ya watu wenye ualbino. Desemba 2014 Baraza Kuu likaitangaza Juni 13 kuwa siku ya kimataifa ya kuelimisha kuhusu ualbino. Machi 2015 Baraza la Haki za Binadamu likaunda nafasi ya mtaalamu huru wa kufuatilia suala hilo, na aliyeishika kwanza ni Ikponwosa Ero wa Nigeria. Hakuna nchi iliyoamriwa. Lakini sasa kuna mtu mwenye jukumu la kutembelea nchi, kuuliza maswali kwa barua rasmi na kuandika ripoti inayosomwa hadharani. Meno ya chombo hiki ni hayo: kuteua jicho, kuomba ripoti, kuunda tume ya uchunguzi, kutoa wito. Mwanafunzi anayeandika rasimu ndani ya mipaka hiyo anaandika kitu kinachowezekana.

Kuivaa nchi

Makosa ya moyo ndiyo mengi kuliko makosa yote. Binti wa Nyegezi amepewa kibao cha Marekani, anasimama na kutetea kwa machozi haki ya kila mtu kupata matibabu kama wajibu wa serikali kwa mujibu wa mkataba wa haki za kiuchumi na kijamii. Maneno mazuri, nchi siyo. Marekani iliridhia mkataba wa haki za kiraia na kisiasa mwaka 1992, ila ule wa kiuchumi na kijamii iliutia saini 1977 na haijauridhia mpaka leo. China ni kinyume chake: iliridhia wa kiuchumi na kijamii 2001, na wa kiraia iliutia saini 1998 bila kuuridhia. Mwanafunzi mwenye taarifa hizo mbili tu tayari anajua kwa nini mmoja huongea sana juu ya uhuru wa mtu na mwingine juu ya maendeleo, na anajua wapi kila mmoja ataona haya akiulizwa.

Kwa hiyo maandalizi yanaanza na jedwali la nani karidhia nini. Kutia saini ni kuonyesha nia. Kuridhia ndiko kunakofunga. Baada ya hapo twende kwenye hazina ambayo wengi hawaifungui: tathmini ya haki za binadamu inayozipitia nchi zote kwa zamu, ile inayojulikana kwa herufi UPR. Ilianza 2008, na Tanzania imekalia kiti hicho 2011, 2016 na 2021. Kila nchi huwa na hati tatu: ripoti ya serikali yenyewe isiyozidi kurasa 20, muhtasari wa taarifa za vyombo vya Umoja wa Mataifa wenye kurasa 10, na mwingine wa kurasa 10 unaokusanya ya asasi za kiraia na wadau wengine. Kurasa 40 kwa jumla. Mwanafunzi wa kidato cha tano anazimaliza mwisho wa wiki moja, na kisha asome orodha ya mapendekezo ambayo nchi yake ilikubali na yale iliyoyachukua kama taarifa tu. Hayo ya mwisho ndiyo msimamo halisi wa nchi, uliosemwa kwa adabu.

Waraka wa msimamo ukae ukurasa mmoja. Aya ya kwanza: nchi inalionaje tatizo. Ya pili: imeridhia nini na imefanya nini. Ya tatu: inataka nini kwenye azimio, mambo mawili au matatu. Waraka wenye matakwa kumi unaonyesha mwandishi hajachagua, na asiyechagua hana cha kuuza wakati wa maafikiano.

Siku yenyewe

Vifaa ni vichache. Manila moja ya ukubwa wa A1 inatoa vipande 8 vya A4, kwa hiyo vibao 24 ni manila 3. Ongeza kengele, saa inayoonekana na mwenyekiti, ubao, na bahasha ya vikaratasi vya kuandikiana. Kompyuta moja kwa kila kundi inatosha. Zikiwa tatu, kutakuwa na rasimu tatu zisizofanana. Umeme ukikatika, rasimu iandikwe kwa mkono, mstari mmoja wazi kati ya kila mstari, ili marekebisho yapate pa kukaa. Na kama kuna shule inayotoka Ukerewe, saa ya kuanza ipangwe kwa ratiba ya meli, si kwa ratiba ya ukumbi.

Kikao kinafunguliwa kwa kuita majina ya nchi. Mjumbe anajibu "nipo" au "nipo na nitapiga kura". Aliyejibu la pili amejifungia mlango wa kujizuia, yaani kutosema ndiyo wala hapana, wakati wa kupigia kura azimio, na wengi hulijibu kwa sababu linasikika la kishujaa, kisha wakalijutia.

Hotuba za ufunguzi zinakula muda kuliko watu wanavyodhani. Sekunde 90 kwa nchi 24 ni dakika 36 bila kuhesabu kutembea na kukohoa. Weka sekunde 60, kengele moja zikibaki 10. Mjumbe aongee kwa niaba: "ujumbe wa Brazili unaona", "serikali yangu inapendekeza". Akisema "mimi binafsi naona", mwenyekiti amrudishe palepale, kwa upole.

Baada ya hotuba mtu huomba mjadala wa mada ndogo, na ombi lake lazima liwe na vitu vitatu: muda wote, muda wa kila msemaji, na mada. "Dakika 10, kila mmoja dakika 1, kuhusu upatikanaji wa mafuta ya kujikinga na jua." Hiyo ni nafasi ya wasemaji 10. Ombi lisilo na mada finyu, la "tujadili changamoto", likataliwe na kura, maana litazaa hotuba za ufunguzi kwa mara ya pili. Kisha unakuja mjadala wa kusimama: viti vinaachwa, watu wanakusanyika kwenye kona, na kazi inaandikwa. Tuseme wazi kwamba aina hizi mbili za mjadala ni ubunifu wa michezo ya wanafunzi. Kanuni rasmi za Umoja wa Mataifa hazina kitu hicho. Lakini zinaiga vizuri kinachotokea korido za Geneva.

Hapa kuna kero ya kwetu kabisa. Vijana wetu wamekua wakitazama Bunge, kwa hiyo mjumbe akiguswa anaruka: "Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti!" Bungeni taarifa humkatiza msemaji. Hapa swali la taarifa huulizwa msemaji akishamaliza, tena akiwa amekubali kuulizwa. La kukatiza ni moja tu kwa kawaida, lile la mtu asiyesikia au anayeumwa. "Kuhusu utaratibu" ni pale mwenyekiti anapokosea kanuni, si pale jirani anapokosea hoja. "Mwongozo" unabaki vilevile, swali kwa mwenyekiti juu ya kanuni. Dakika tano za kulinganisha maneno haya na ya Bunge asubuhi zinaokoa saa nzima mchana.

Kifungu kimoja kinavyoandikwa

Azimio lina sehemu mbili. Utangulizi unataja misingi: Likikumbuka, Likitambua, Likisikitishwa. Kisha vifungu vya utekelezaji: Linalaani, Linatoa wito, Linasihi, Linaomba, Linaamua. Viambishi vifuate jina la chombo. Baraza "linasihi", kamati "inasihi". Kosa hilo dogo linaonyesha rasimu imenakiliwa kutoka mahali pengine.

Hiki ni kifungu cha aina ambayo hutokea kwenye rasimu ya kwanza:

"Linaziamuru nchi zote kuwalinda maalbino na kutoa dola milioni 100."

Kina ubovu wa aina nne ndani ya mstari mmoja. Baraza haliamuru. "Kuwalinda" hakusemi nini kifanyike Jumatatu asubuhi. Neno lililotumika linamgeuza mtu kuwa hali yake ya mwili. Hati za sasa husema watu wenye ualbino. Na fedha hazina mwenyewe: zitatoka wapi, zitamfikia nani? Bajeti ya Umoja wa Mataifa hushughulikiwa na Kamati ya Tano ya Baraza Kuu, si na kikao hiki.

Kundi likirudi mezani, mtu akumbuke kwamba mashambulizi si hatari pekee. Jua la ziwani nalo linaua polepole, kwa saratani ya ngozi. Mafuta ya kujikinga na jua yanatengenezwa hata hapa nchini, kwenye hospitali ya KCMC kule Moshi, ila upatikanaji na bei kwa mtu wa kijijini ni jambo jingine. Basi kifungu kinakuwa:

"Linatoa wito kwa nchi wanachama kuondoa kodi kwenye mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kuyagawa kupitia vituo vya afya vya umma, kwa kadiri ya rasilimali zilizopo na bila ubaguzi wa makazi au kipato;"

Sasa angalia biashara inavyofanyika. Mjumbe wa nchi yenye bajeti ndogo ndiye aliyedai "kwa kadiri ya rasilimali zilizopo". Mjumbe wa pili akakubali kwa bei: "bila ubaguzi wa makazi au kipato", ili kijiji kisisubiri mpaka mjini watosheke. Hakuna aliyeshinda kwa hotuba. Kifungu kinachofuata kinakamilisha kazi: "Linamwomba Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu kuwasilisha ripoti ya utekelezaji ndani ya miaka miwili". Bila mtu wa kuripoti na tarehe ya kuripoti, kifungu cha juu ni salamu.

Maneno madogo yanayoweza kuua kifungu yanafaa kufahamika kwa sura. "Inapofaa" ni moja. "Kwa mujibu wa sheria za nchi" ni jingine, na ndilo hatari zaidi kwa sababu linasikika la heshima. Fikiria kifungu cha kuzuia ndoa za utotoni "kwa mujibu wa sheria za nchi". Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na 14 kwa idhini ya mahakama. Kifungu kama hicho kisingemlinda binti yeyote ambaye sheria yenyewe ilikuwa imemwacha nje. Rebeca Gyumi aliipinga sheria hiyo, Mahakama Kuu ikakubaliana naye 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha 2019 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Mjumbe anayejua kesi hiyo atadai maneno "kwa mujibu wa wajibu wa nchi chini ya mikataba iliyoridhia". Tofauti ya maneno machache, na kwenye kona ya ukumbi inaweza kuchukua dakika arobaini.

Usawa upi?

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mitumbwi hurudi alfajiri. Wanawake wengi wa biashara hiyo huwa pale ufukweni wakipokea ndoo, wakipatana bei, wakianika kabla jua halijawa kali. Sasa mkutano wa mwalo unaitishwa saa moja asubuhi, kila mwenye shughuli pale anaruhusiwa, mlango uko wazi. Kanuni ni moja kwa wote. Nani atakuwepo?

Mfano huo unafungua mgogoro mzima wa usawa kuliko fasili yoyote. Mkataba wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia 1985, unasema kwenye ibara ya 1 kwamba ubaguzi unaweza kuwa kwa makusudi au kwa matokeo. Aliyepanga mkutano hakuwa na nia mbaya. Matokeo yakawa yaleyale. Ibara ya 4 inaruhusu hatua maalumu za muda za kuharakisha usawa, nazo hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Watanzania wana mfano mkononi: viti maalum, ambavyo Katiba kwenye ibara ya 66 inataka wabunge wanawake wa kundi hilo wasipungue asilimia 30 ya wabunge wa makundi mengine yaliyotajwa pale.

Mdahalo ukifika hapa unakuwa mtamu, kwa sharti kwamba wajumbe wabishane juu ya neno "muda" na si juu ya nani ana akili. Mkataba unasema hatua hizo zikome malengo yakitimia. Nani anapima? Kwa kipimo gani? Kuna nchi itakayotaka tarehe, nyingine itakayotaka kiwango, nyingine isiyotaka lolote liandikwe. Zote tatu ni misimamo halali ya kibalozi. Isiyo halali ni ile ya mjumbe anayejibu kwa mzaha juu ya wanawake ili darasa licheke.

Pa kukanyaga kwa uangalifu

Mada iulize "vipi", isiulize "kama". "Serikali zifanye nini ili watoto wenye ulemavu wasome shule za kawaida?" ni mada. "Je, watoto wenye ulemavu wanastahili kusoma shule za kawaida?" inamlazimisha mtu asimame kupinga stahili ya mwenzake aliyekaa mstari wa tatu.

Na yupo, mara nyingi. Kwenye ukumbi wa Mwanza kuna mwanafunzi mwenye ualbino, kuna aliyerudi shule baada ya kujifungua, tangu serikali iliporuhusu hilo Novemba 2021. Mwalimu amweleze mada mapema, faragha, na amwachie uhuru wa kuchagua nafasi, hata ya mtunza muda. Asiombwe ushuhuda. Picha za majeruhi hazina kazi kwenye ukumbi huu. Anayewakilisha nchi isiyopendwa awakilishe hoja zake, asiigize lafudhi wala mavazi.

Kura

Hapa hesabu huwachanganya hata wenyeviti. Nchi 24: ndiyo 10, hapana 7, zilizojizuia 7. Wengi husema azimio limeanguka kwa kuwa halikufika 13. Halijaanguka. Kwenye kanuni za Baraza Kuu "waliopo na wanaopiga kura" ni waliosema ndiyo au hapana, aliyejizuia hahesabiwi. Basi ni 10 kati ya 17, limepita. Kama kanuni za siku hiyo zinadai theluthi mbili, kama Baraza Kuu linavyofanya kwa masuala mazito, 17 inahitaji 12, na hapo limeanguka kweli. Kanuni itangazwe asubuhi, si baada ya kuhesabu.

Kujizuia nako ni kauli. Mwaka 1948 Tamko la Ulimwengu lilipita kwa kura 48 bila ya kupinga. Miongoni mwa nchi 8 zilizojizuia kulikuwa na Muungano wa Kisovieti, Saudi Arabia na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, kila moja kwa sababu yake. Kati ya wanachama wanne wa Afrika wa wakati ule, Misri, Ethiopia na Liberia walisema ndiyo. Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini, haikuwa na kibao.

Mwenyekiti akishatangaza matokeo, wajumbe hupewa sekunde 30 za kueleza kura zao, isipokuwa waliowasilisha rasimu, ambao kanuni za Baraza Kuu zinawazuia kueleza kura juu ya hoja yao wenyewe. Ni hapo ambapo mjumbe aliyepiga ndiyo anaweza kusimama na kusema: "Ujumbe wangu umeunga mkono, lakini unaelewa kwamba maneno 'kuondoa kodi' kwenye kifungu cha 4 hayahusu bidhaa zinazouzwa kibiashara." Katibu anayaandika hayo kama yalivyosemwa, kisha vibao vinakusanywa.